Mazoezini hakuna anayecheka tena: je, tuongeze vichekesho?

Swali: Sisi ni kikundi cha maigizo cha watu 12. Kila mmoja ana kazi yake ya mchana na hakuna anayelipwa. Tumechagua futuhi nyepesi ya dakika 90: nyumba yenye milango mitatu, barua inayoangukia mikononi mwa asiyehusika, na mjomba mzee anayejifanya kiziwi ili asikie wapwa zake wakigawana mali yake. Wiki mbili za mwanzo tulicheka hadi machozi. Sasa zimebaki wiki nne na hakuna anayecheka. Anayeigiza mjomba ameanza kuongeza vituko vyake mwenyewe, wengine wanapaza sauti, na vijana wawili wakitazamana tu wanaangua kicheko. Baadhi yetu wanataka tubadilishe igizo, wengine tuongeze utani. Mimi ndiye mwongozaji, na sijawahi kuongoza futuhi. Nifanyeje?

Jibu:

Usibadilishe igizo, na usiongeze utani hata mmoja. Wiki zile mbili mlicheka kwa sababu bado mlikuwa watazamaji: hamkujua mlango upi ungefunguka wala barua ingetua kwa nani. Sasa mnajua kila kitu, na kichekesho unachokijua kabla hakijatamkwa hakikutekenyi tena. Hali hii hukipata kila kikundi kinachofanya mazoezi ya kutosha, tena hukipata katikati ya kazi, pale hasa mlipo. Igizo liko salama. Kinachoweza kuliharibu ni hofu ya huo ukimya, maana hofu ndiyo inayomsukuma mjomba wako kwenye vituko na wenzake kwenye kelele.

Kazi yako ya wiki nne hizi, basi, ni kuwaondoa waigizaji katika kutafuta kicheko na kuwarudisha kwenye shida za wahusika wao. Mhusika wa futuhi hajui kwamba yumo kwenye futuhi. Kwake yeye leo ni siku mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Aliyemficha mgeni nyuma ya mlango wa pili hafanyi mzaha. Akigunduliwa ataaibika, atafukuzwa, pengine ataachwa na mchumba. Sisi tulioketi tunacheka kwa kuwa tunamwona mtu mzima mwenye akili timamu akihangaika kwa dhati, na suluhisho la shida yake tunaliona liko hatua mbili tu kutoka aliposimama. Mwigizaji akianza kutukonyezea kwamba na yeye anaona inachekesha, hatubakishii la kugundua.

Tumchukue huyo mjomba. Sijamwona, lakini nadhani namjua: anaweka kiganja sikioni, anakunja uso, anasema “Eeh?” kwa sauti ya kukwaruza, na kila wiki hiyo “Eeh?” inarefuka. Mwambie asahau uziwi kabisa. Mjomba anasikia vizuri kuliko wote waliopo jukwaani, na ndiyo sababu hajaondoka chumbani. Anachotaka ni kunasa kila neno kuhusu mali yake bila uso wake kumsaliti. Mpe kazi ya mikono, tuseme kupanga karata au kusafisha miwani, na aifanye kwa utulivu kamili wakati wapwa wanagawana nyumba chumba kwa chumba. Wakifika kwenye kiti alichokalia yeye mwenyewe, mikono isimame. Sekunde moja hivi. Kisha iendelee na kazi yake, uso ule ule. Mikono hiyo iliyosimama itachekesha kuliko “Eeh?” kumi, kwa sababu watazamaji wameona jambo ambalo wapwa hawakuliona, na mtu hufurahi sana anapojikuta mwerevu kuliko walio mbele yake.

Ukitaka kikundi kizima kiipate hoja hii bila wewe kuhutubia, fanya zoezi moja jioni ya kesho. Chukua sehemu ya kugawana mali na uwaambie waiigize kama tanzia: sauti za chini, hakuna ishara za ziada, kila mmoja aamini kwamba asipopata shamba atalala njaa. Mara ya kwanza watasikia aibu. Mara ya pili utaanza kutambua maneno yanayosimama yenyewe na yale yaliyokuwa yakibebwa na makunyanzi ya uso. Ukiona mtu mmoja pembeni anatabasamu bila kukusudia, umefika. Baadaye mtarudisha kasi na nguvu, lakini vile vituko viacheni huko huko.

Kuna atakayekupinga. Atasema futuhi ya asili ilibuniwa papo kwa papo, na kama amesoma kidogo atakutajia vikundi vya commedia dell'arte vilivyoanzia Italia katika karne ya 16. Ni kweli kwamba waigizaji wale hawakuwa na maneno kamili yaliyoandikwa. Walikuwa na muhtasari wa kisa tu, mengine wakajaza wenyewe. Ila usisahau kwamba hao walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo mchana na usiku. Mara nyingi mwigizaji alishika mhusika mmoja kwa miaka na miaka, akiwa na ghala la vituko na hotuba alizozifanyia mazoezi mpaka zikaonekana kama zimezaliwa jioni ile. Mjomba wenu ana wiki nne, na siku nzima yuko kazini kwake. Tena hata huko Italia mambo yalichakaa: katika karne ya 18 Carlo Goldoni wa Venice alichoshwa na vituko vilivyorudiwa rudiwa akaanza kuwaandikia waigizaji maneno yao yote.

Sababu nyingine ya kuzuia nyongeza ni ya kisheria, na wengi huipuuza. Kama mwandishi yu hai au hajafariki zamani sana, mnahitaji idhini yake, ya wakala wake au ya warithi, na idhini hiyo kwa kawaida huja na sharti la kutobadilisha maneno bila ruhusa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi ya namna hii kwa uhai wote wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeifanya 70. Igizo la kale linaweza kuwa huru, na tafsiri yake mpya ikawa na mwenyewe. Wala msidhani kwamba mkiacha kutoza kiingilio mmejinasua. Ulizeni mapema, mpate jibu kwa maandishi.

Sasa, namna ya kumwambia mjomba wako aache vituko. Mtu anayejitolea huwezi kumfokea mbele ya wenzake, kwani kesho hatarudi na utabaki bila mjomba. Mkae wawili tu. Mwambie unalotaka kuona, yaani ile mikono, kabla hujamwambia unalotaka liondoke. Halafu kwa kikundi kizima weka siku: mpaka tarehe fulani mtu anaweza kuleta wazo la tendo mazoezini na mwongozaji akalipokea au akalikataa, baada ya hapo mlango umefungwa. Utashangaa wangapi watatulia wakijua kuna utaratibu. Mwigizaji anayeongeza vituko mara nyingi ni yule anayedhani hakuna anayemtazama.

Tukija kwenye ufundi wenyewe, anza na maneno. Katika tamthilia ya huzuni mtu akipotosha sentensi kidogo, msiba bado ni msiba. Kwenye futuhi neno likihama mahali pake kicheko hakiji. Chukua mfano huu nilioutunga, unaokaribiana na igizo lenu. Dada anamkuta kaka yake amesimama karibu na barua iliyofunguliwa. Kaka anasema: “Barua yako sijaigusa. Tena kilichoniudhi zaidi ni ukurasa wa pili.” Kicheko kimelala kwenye maneno matatu ya mwisho. Waigizaji wasio na mazoea hukiua kwa njia tatu. Wapo wanaomeza sentensi ya kwanza kwa haraka ya kuufikia utani. Kama ukumbi haukusikia “sijaigusa”, hakuna kitu cha kuvunjika. Wapo wanaoishiwa pumzi, sauti ikashuka pale pale ilipotakiwa kusimama, na safu ya nane wakasikia “ukura…”. Na wapo, hawa ndio wengi, wanaokariri maana badala ya maneno, kisha jukwaani wanasema: “Tena ukurasa wa pili ndio ulioniudhi zaidi, kwa kweli, aisee.” Watu walikuwa tayari kucheka kwenye “ukurasa wa pili”, lakini kaka bado anaongea, nao kwa adabu wakanyamaza wamsikilize. Hiyo “aisee” imekula kicheko cha watu wote.

Kwa hiyo skripti zitoke mikononi zikiwa zimebaki wiki tatu, yaani wiki ijayo, na mtu mmoja akae na nakala akisahihisha neno kwa neno. Hii ni kazi ya kuudhi na inafaa umpe mtu mwenye moyo mpole. Asimkatize mwigizaji katikati. Aweke alama, mkimaliza sehemu ampe kila mtu orodha yake.

Kasi nayo hueleweka vibaya. Mwongozaji akisema “changamkeni”, waigizaji huongea haraka, maneno yanagongana, ukumbi unapotea njia. Kasi ya futuhi imo katika lile pengo kati ya mwisho wa sentensi ya mmoja na mwanzo wa sentensi ya mwingine. Vikundi vya kujitolea huvuta pumzi katika pengo hilo: mtu anasubiri mwenzake amalize, anakumbuka kwamba ni zamu yake, anavuta pumzi, anasema. Katika dakika 90 mapengo hayo yanakula muda mwingi na, baya zaidi, yanampa mtazamaji nafasi ya kuuliza kwa nini mjomba hajaulizwa tu kama anasikia. Dawa yake ni kukaa duara bila kuigiza, kusema igizo zima mkiwa mmeketi, kila mmoja akiingia papo hapo mwenzake anapotua. Pumzi ivutwe wakati mwenzako anaongea. Fanyeni hivyo mwanzoni mwa mazoezi, hata kwa robo ya igizo, na mtaona yenyewe inahamia jukwaani.

Angalia pia macho. Neno la kuchekesha likishatoka, watazamaji hugeuka mara moja kumtazama aliyelisikia: dada amelipokeaje? Kicheko kikubwa mara nyingi hutoka hapo, kwenye uso wa anayesikiliza. Kama wakati huo huo mpwa mwingine anavuka jukwaa, mgeni anachungulia na mjomba anakohoa, macho yametawanyika na hakuna aliyecheka, na kila mmoja atadai kosa si lake. Kanuni yangu hapa ni kali: anayetakiwa kutazamwa ndiye anayesogea, wengine watulie. Kutulia hakuna maana ya kuganda. Mtu aendelee kumsikiliza mwenzake kwa mwili mzima, bila kutikisa chochote. Pitia skripti na kalamu, kwa kila kicheko unachokitarajia andika jina la mtu ambaye macho yawe kwake. Ukishindwa kuandika jina, sehemu hiyo bado hujaiongoza.

Milango ndiyo iliyonitia wasiwasi niliposoma barua yako, maana hujasema kama ipo. Nijuavyo vikundi vingi, mpaka sasa milango yenu ni utepe uliobandikwa sakafuni, na mafundi wameahidi kuleta mandhari wiki ya mwisho. Msikubali. Igizo la milango mitatu haliwezi kufanyiwa mazoezi bila milango mitatu. Waombeni fremu na mbao zake wiki ijayo, hata kama hazijapakwa rangi, hata kama ukuta wenyewe bado haupo. Mwigizaji anahitaji kujua kitasa kiko upande gani, kwa mkono upi, na akiwa amebeba sinia afanyeje.

Kwa mlango wenyewe, yapo machache ya kukagua. Kwa kawaida hufunguka kuelekea nyuma ya mandhari, ili ubao usile nafasi ya jukwaa wala kumficha anayeingia. Fremu ishikiliwe na mihimili kwa nyuma mpaka mtu akiubamiza kwa hasira ukuta usitikisike, kwa sababu ukuta unaopepea utachekwa pale msipotaka. Mlango nao usifunguke wenyewe baada ya kubamizwa. Mwambie kijana mmoja aubamize mara 30 mfululizo mbele ya fundi. Kama kuna skrubu italegea, ilegee siku hiyo.

Kisha nenda nyuma ya mandhari, ambako waongozaji wapya hawafiki. Anayetoka mlango wa kwanza na kuingia kwa mlango wa tatu anapita wapi? Pima kwa saa. Ikiwa njia ile inachukua sekunde tisa na maneno yanayosemwa jukwaani wakati huo yanachukua sita, utakuwa na sekunde tatu za watu wawili kutazamana bila la kusema, kila usiku. Hapo huna budi kuchagua: umhamishie mlango wa pili, au uwape walio jukwaani tendo la kujaza nafasi hiyo, au uondoe meza iliyowekwa njiani huko gizani. Kama kuna kubadilisha maleba katikati, pima na hilo, vifungo vyote vikifungwa. Bandika ukutani kwa nyuma orodha kubwa ya nani anaingia wapi baada ya neno gani, na taa hafifu ya kuisomea. Asiye na zamu asisimame nyuma ya mlango, ndiye atakayegongwa.

Sehemu yenyewe ya kukimbizana, ile ambayo mmoja anatoka mwingine anaingia, ifanyeni polepole mno mwanzoni, kwa kuhesabu kwa sauti. Mlango wa kushoto unafungwa kwenye “nne”, wa kulia unafunguka kwenye “nne” hiyo hiyo. Mkifika mara tatu bila kosa, ongezeni kasi kidogo. Mkikosea, rudini chini. Msifanye mbio kamili kabla hesabu haijaingia miguuni, kwa kuwa makosa nayo hukaririwa. Na hapa ndipo panapohitaji watu wote 12 kwa pamoja. Nyinyi ni watu wenye ajira, hamtaweza kukusanyika wote kila jioni, basi ratiba iseme wazi: jioni za milango ni za lazima kwa kila mtu, jioni nyingine waje wawili watatu wa sehemu husika. Mtu akiambiwa aje mara chache kwa sababu inayoeleweka, huja. Akiketi kwenye benchi saa mbili bila kuitwa, wiki inayofuata atakuwa na udhuru.

Wale vijana wawili wanaoangua kicheko usiwachukulie kwa wepesi. Watazamaji husamehe mara moja, hata hufurahi, lakini mara ya pili wanajiona wageni kwenye utani wa watu wengine. Kuwakemea huzidisha tu. Kicheko kinachokatazwa ndicho hasa kinachobana mbavu. Jaribu hivi. Warudie sehemu hiyo mara nyingi mfululizo, bila mapumziko, mpaka ichoshe. Halafu kila mmoja apewe jambo dogo gumu la kufanya wakati huo huo, kama kukunja barua mara nne kwa ukubwa sawa au kuhesabu vifungo vya koti la mwenzake. Akili yenye kazi haina nafasi ya kutekenywa. Ikishindikana kabisa, wahamishe: mmoja amtazame mwenzake begani, au aseme maneno yale akielekea dirishani. Hakuna mtazamaji atakayejua.

Bado kuna mshiriki mmoja ambaye hayupo mazoezini, naye ndiye watazamaji. Waigizaji wenu wamezoea ukimya sasa. Siku ya kwanza ukumbi ukicheka watashtuka, wataendelea kusema juu ya kicheko, na sentensi inayofuata, ambayo huenda ndiyo iliyobeba kisa, itapotea. Kicheko hupanda, hufika kileleni, hushuka. Mwigizaji aliyemo kwenye zamu asubiri kipande cha kupanda na kilele, akiwa bado ndani ya mhusika wake, akiwaza, akitafuta miwani, akimtazama mwenzake. Kikianza kushuka, kabla hakijakwisha kabisa, aseme neno lake kwa sauti yenye nguvu kidogo. Akisubiri mpaka kimya kamili, amechelewa; ukumbi umeshapoa na itabidi auwashe upya. Hili linafanyiwa mazoezi. Waweke watu wawili wakae viti vya mbele na wacheke kwa sauti mahali popote wanapotaka, hata pasipo na kichekesho, na waigizaji wajifunze kusubiri na kuendelea. Ni zoezi la kipuuzi na wote watalipenda.

Wiki mbili kabla ya usiku wa kwanza, alika watu kumi hivi wasiojua kisa, wasio ndugu wa waigizaji. Wewe usiwatazame waigizaji jioni hiyo. Kaa pembeni uwatazame wageni, ukiwa na nakala na kalamu. Weka alama walipocheka, walipojikuna, walipoulizana jambo kwa kunong'ona. Usihofu dakika kumi za mwanzo zikipita kimya. Watu wanajifunza majina, nani ni mpwa na nani ni mpangaji, na bado hawajajua kama wameruhusiwa kucheka. Ndiyo maana kicheko cha kwanza kabisa kinatakiwa kiwe chepesi na cha wazi, mapema, kitu ambacho hata aliyechelewa kuketi atakielewa. Kama skripti haina kitu kama hicho katika kurasa tatu za mwanzo, tafuta tendo lisilo na maneno: mlango unaogoma kufunguka kwa kila mtu isipokuwa kwa mjomba. Wageni wako wakinong'onezana katikati, kuna habari haikusikika au haikueleweka huko nyuma, na kurekebisha habari hiyo kutakuletea vicheko kuliko kurekebisha utani.

Kuhusu ukumbi nitasema machache. Mwanasayansi wa Marekani Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba watu hucheka kiasi cha mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Mtu aliyezungukwa na viti vitupu yuko karibu na kuwa peke yake. Kwa hiyo mkitarajia watu 80 katika ukumbi wa viti 300, fungeni safu za nyuma kwa kamba na mwelekeze kila anayeingia akae mbele, bega kwa bega. Baadhi watanung'unika, na dakika ishirini baadaye watakuwa wamesahau. Taa ziwe za kutosha usoni. Futuhi haichezwi kwenye kiza cha kupendeza. Barua nayo iwe kubwa na ya rangi inayoonekana kutoka safu ya mwisho, maana igizo zima linaizunguka na nimewahi kukaa ukumbini nikijiuliza ni barua ipi wanayoitafuta.

Usiku wa kwanza mtakwenda vizuri; woga una nguvu zake. Usiku wa pili ndio wa kuangalia. Waigizaji wanaingia wakikumbuka kila kicheko cha jana, wanakingojea pale pale, hakiji kwa sababu hawa ni watu wengine, basi wanaanza kukisukuma. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Alfred Lunt na mkewe Lynn Fontanne, waigizaji wa Marekani walioshirikiana jukwaani miaka mingi. Lunt alikuwa akipata kicheko kila usiku kwenye sentensi ya kuomba chai, kisha ghafla kikapotea. Akamuuliza mkewe kulikoni. Akajibiwa kwamba siku hizi anaomba kicheko. Arudi kuomba chai. Mweleze mjomba wako kisa hicho alasiri ya siku ya pili, bila kumtazama sana machoni.

Na mtu mwenye saa aandike muda wa kila onyesho. Kicheko huongeza muda, hivyo dakika 90 za mazoezini zikawa 96 mbele ya ukumbi uliochangamka, hakuna tatizo. Lakini ukiona siku ya tatu mmefika 99 na vicheko ni vile vile vya jana, au vimepungua, jua watu wameanza kujaza mapengo kwa vituko na kusubiri vicheko visivyokuja. Waite saa moja kabla ya kufungua milango ya ukumbi, wakae duara, waseme igizo zima kwa kasi bila kuigiza, kisha wakavae maleba.